Msomaji wa Kila Mwaka

Mshonaji aliingia ofisi ya kumbukumbu za wahamiaji saa kumi na nusu jioni, miguu imevimba, kipande cha uzi kingali begani. Ilikuwa mara yake ya tano. Mtafuta cha uvunguni sharti ainame, naye alikuwa ameinama mpaka kiuno kimegoma.

Si kwamba alipenda historia. Alikuwa na mtoto. Katika ukoo wao, kila mvulana aliyerithi jina la babu, yule aliyehamia kutoka ng'ambo, alishikwa na homa akiwa na miaka sita, na saba hakuiona. Watatu walishazikwa. Mwanawe wa pekee alipewa jina hilo na wazee, mama mtu akiwa bado kwenye kitanda cha uzazi, hana nguvu ya kubisha. Sasa mtoto alikuwa na miaka sita, homa imeingia siku ya tisa, na mama alitaka kujua jina hilo lina nini.

"Leo bahati yako, dada," mtunza kumbukumbu alisema, akimwekea jalada mezani. "Lilikuwa nje. Kuna mtu alikuwa analisoma."

Ndani mlikuwa na karatasi mbili zenye picha. Ndugu wawili, meli moja. Kaka alikuwa na kibali cha kuingia nchini, mdogo hana. Karatasi ya mdogo ilipigwa muhuri: amefia njiani, amezikwa baharini.

Lakini picha ya huyo marehemu aliijua. Ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwao. Ni babu, aliyeishi mpaka miaka tisini!

Basi aliyekufa alikuwa kaka. Babu alichukua kibali chake, na jina lake, akaingia nalo. Mshonaji alimwonea huruma. Nani angekubali kurudishwa?

Ndipo harufu ikamjia... Blanketi bichi. Chumvi.

Kwenye jalada ilibandikwa kadi ya wasomaji. Kila mwaka, saini moja. Jina la mwanawe. Wino wa mwisho haujakauka.

"Huyu ni nani?" alinong'ona.

"Mzee mmoja, mpole sana. Hukaa hapo hapo ulipokaa."

Kiti kilikuwa kimelowa.

"Huuliza jambo moja tu: nani anatumia jina lake, na anaishi wapi. Leo nikamwonyesha fomu yako. Nilidhani ni ndugu yenu."

Fomu yake. Sababu ya kutafuta: mwanangu ana jina hili, anaumwa. Anwani: mtaa, namba ya nyumba, mlango wa bluu. Alikuwa ameijaza kwa herufi kubwa, isisomeke vibaya.

Chini ya jalada zilikuwepo fomu tatu za zamani. Mwandiko wa fomu moja aliutambua. Ni wa shangazi yake, aliyemzika mvulana wa tatu. Naye alikuja kutafuta dawa hapa hapa.

Alipiga simu nyumbani.

"Mama... mtoto?"

"Homa imeshuka, mwanangu! Amelala, katulia kabisa. Na mgeni wako ameshafika."

"Mgeni gani?"

"Si huyo mzee uliyemwelekeza? Kalowa chapachapa, masikini, na mvua yenyewe haijanyesha. Nimempa kiti kando ya kitanda."

"Mama, mtoe nje! Mwamshe mtoto. Mwite. Mwite sasa hivi!"

Alimsikia mama yake akiita jina lile, taratibu, kama anavyomwita mjukuu wake kila asubuhi.

Akaita tena.

Iliyoitika ilikuwa sauti ya mtu mzima.