Karatasi ya Kumwongoza Bibi Agata

Siku hizo mtaa wetu ulikuwa umejishikiza ubavuni mwa mlima, juu ya viwanda vya chuma vya Pittsburgh. Nyingi za barabara zetu hazikuwa barabara hasa, zilikuwa ngazi ndefu za mbao. Tarishi alizipanda, wauza maziwa walizipanda, na hata majeneza yalishushwa kwa ngazi hizo hizo. Hakuna aliyeona ajabu.

Kila asubuhi Ludmila Hudak, ambaye sote tulimwita Milka, alimchemshia babu yake chai, akamfunika miguu kwa blanketi, kisha akapanda kwenda shule ya parokia iliyokuwa kileleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mjini chini alishuka mara chache sana.

Babu yake, Mzee Stefan, hakuwa ameshuka kabisa kwa miaka mitatu. Moshi wa tanuri za chuma ulikuwa umemharibu kifua. Alikaa dirishani akiusimulia mji: bendi iliyopiga Jumapili kando ya mto, harufu ya mikate alfajiri, fundi viatu aliyeimba huku akigonga misumari. Milka alipenda kumsikiliza. Sote tulipenda.

Mwaka 1966 parokia ilikuwa ikisherehekea miaka sabini, na jamaa kadhaa wa Slovakia wakapata ruhusa ya kuja. Mmoja wao alikuwa Bibi Agata, dada yake Mzee Stefan. Ndugu hao hawakuwa wameonana kwa miaka arobaini na mitatu.

Mwalimu wa Milka, Sista Benigna, aliwaagiza wanafunzi wawaandikie wageni karatasi za ushauri.

"Mwandikieni mgeni kama mtu asiyejua hata mlango wetu unafunguliwa upande gani," alisema. "Na njia ya kutoka stesheni mpaka kwenu, itembeeni kwanza. Kwa miguu yenu, siyo kwa ulimi wa jirani."

Milka alianza vizuri. Aliandika kwamba huku ghorofa ya kwanza ni ile ya chini. Kwamba nauli ishikwe mkononi kabla ya kupanda tramu, lile gari la reli za barabarani. Kwamba mtu usiyemjua akikutabasamia, hana nia mbaya. Ikabaki njia. Jumamosi akavaa koti ili ashuke kuitazama, lakini rafiki yake Tereza akamkuta mlangoni, viatu vya magurudumu mkononi.

"We Milka! Unakwenda kukagua tramu kama bwana mkubwa wa serikali? Njoo tuteleze, jua lenyewe ndilo hili!"

"Nina kazi ya Sista."

"Si umuulize babu yako? Anaujua mji wote."

Milka akarudi ndani. Mzee Stefan alifurahi mno kuulizwa.

"Hiyo naweza kukueleza nikiwa nimefumba macho! Apande tramu pale stesheni, avuke mto, kisha atazame kushoto mpaka aone jogoo wa bati juu ya duka la mikate la Vargo. Ashuke hapo. Jogoo mkubwa kama ndama! Halafu afuate barabara yetu mpaka juu."

Milka akayaandika yote, akachora na jogoo. Dakika kumi baadaye alikuwa anateleza na Tereza.

Sista Benigna aliisifu karatasi ile. "Na njia umeitembea?"

"Ndiyo, Sista," alijibu Milka, masikio yakimwaka moto.

Karatasi ikatumwa. Bibi Agata akajibu kwamba angefika Alhamisi au Ijumaa, kutegemea meli na treni. "Msihangaike kunisubiri stesheni," aliandika. "Karatasi ya mtoto inanitosha."

Ijumaa, saa kumi alasiri, jirani yao Bwana Onufer, mpagazi wa stesheni, aligonga mlango akitabasamu.

"Haya, mgeni ameshapumzika?"

"Mgeni yupi?" aliuliza Mzee Stefan.

"Dada yako! Mwenye kitambaa cheusi na karatasi yenye jogoo. Nilimpandisha tramu mwenyewe saa sita, bila hata kuisoma karatasi, maana treni nyingine ilikuwa inaingia."

"Saa sita? Lakini ni mwendo wa dakika ishirini! Alikuwa ashuke kwa Vargo."

Bwana Onufer akavua kofia yake polepole. "Mzee Stefan, Vargo alifariki. Duka lilivunjwa mwaka juzi. Pale sasa watu wanaegesha magari."

"Haiwezekani. Milka alikwenda kutazama."

Wote wawili wakamgeukia Milka.

"Sikwenda, babu," alisema. "Nilimdanganya Sista. Niliandika tu uliyoniambia."

Mzee Stefan hakufoka. Alinyoosha mkono kutafuta koti lake. "Yuko peke yake, na hajui neno la Kiingereza," alisema, akaanza kukohoa.

"Kaa, babu! Nitakwenda mimi."

Milka na Bwana Onufer walishuka ngazi mbio. Kituoni waliuliza dereva wa kwanza, hakumwona. Wa pili, mzee mwenye masharubu meupe, akajipiga paja.

"Yule mama wa jogoo? Kila nikisimama ananionyesha paa, kisha anatikisa kichwa. Nilidhani anatafuta pa kununua kuku! Yuko mwisho wa njia, kwenye karakana. Pandeni."

Walimkuta ameketi juu ya sanduku lake, mgongo umenyooka, karatasi magotini. Macho yalikuwa mekundu.

"Wewe ndiye uliyechora?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Jogoo hayupo tena. Sikwenda kuangalia. Nisamehe."

"Kwa muda wa saa nne nimetazama mapaa ya watu," alisema Bibi Agata. "Mwanzoni nilidhani macho yangu yamezeeka. Baadaye nikadhani Stefan amekufa, na nyie mmeona haya kuniandikia."

Milka akalia. Bibi Agata akamwacha alie kidogo, kisha akampa leso.

Walipofika chini ya mlima, mgeni alisimama akatazama huku na huku. "Barabara yenu iko wapi?"

"Ndiyo hii, bibi."

"Hizi ni ngazi."

"Kwetu sisi ni barabara," alisema Milka kwa sauti ndogo.

"Kwenye karatasi hukusema."

Milka alimnyang'anya Bwana Onufer sanduku, akalipandisha mwenyewe, akipumzika kila vipandio kumi. Katikati ya mlima, palipokuwa na benchi, walimkuta Mzee Stefan, amevaa kofia yake ya kanisani, anahema kama aliyekimbia. Alikuwa ameshuka mpaka hapo.

"Stefan," alisema Bibi Agata, "umekuwa mfupi."

"Na wewe umechelewa," alijibu. "Miaka arobaini na mitatu, na saa nne juu yake."

Wakashikana, wakakaa pale benchini muda mrefu.

Jumatatu Milka alimweleza Sista Benigna ukweli wote. Wageni saba wengine walikuwa njiani, kwa hiyo akaiandika karatasi upya. Safari hii alipanda tramu kwenda na kurudi, akahesabu vituo, akahesabu na vipandio. Jioni aliisoma mbele ya wazee wawili.

"Na fundi viatu anayeimba?" aliuliza Mzee Stefan. "Hukumtaja."

"Hayupo, babu. Pale ni benki."

"Na bendi ya Jumapili?"

"Nimeuliza. Waliacha kupiga zamani."

Mzee Stefan alitazama moshi wa mtoni. Kisha akamshika mjukuu wake bega.

"Nilikupa mji nilionao kichwani, Milka, na kwa huo sitakuomba radhi, kwa sababu niliupenda. Lakini wewe ulikuwa na miguu na macho, na uliulizwa, ukadanganya. Mgeni hana macho yake katika mji wa watu. Anatumia ya yule aliyemwandikia. Kwa hiyo andika kilichopo, na useme umekiona pale tu ulipokiona. Vile vya zamani niachie mimi. Hivyo nitamsimulia Agata."