Mkono wa Kilima cha Pindura

Ilianza na jezi kukataa kukauka. Dative aliianika asubuhi, jua la Kamembe la mwezi wa saba, lile linalokausha hata matope ya mlangoni, na saa tisa alipoishika ilikuwa kavu kote isipokuwa mgongoni. Hapo palikuwa na alama mbichi ya kiganja. Vidole vilikuwa virefu, virefu mno, vimepanda hadi kwenye kola, na alipoinusa akakutana na harufu ya majani yaliyooza, harufu ya ndani kabisa ya msitu wa Nyungwe.

"Papa Mutoni, nani alikushika mgongo?"

Mume wake Izabayo alikuwa kwenye kizingiti anapaka mnyororo wa baiskeli mafuta. Yeye na rafiki yake Aimable walikuwa wanajiandaa kwa mashindano ya mzunguko: unapanda kutoka Kamembe, unaingia porini, Pindura unakata kulia, unashuka Bweyeye, unazungukia Bugarama, halafu unapanda tena hadi nyumbani.

"Ni Aimable," akasema. "Jana, karibu ya Pindura. Miguu ilikuwa imekufa, ukungu mingi, hata gurudumu ya mbele sioni. Akanisukuma. Nikamuambia aksanti, nikaendelea."

Hakugeuka. Nani hugeuka? Wilaya nzima ya Rusizi, anayepandisha baiskeli ya ndizi kilimani akisikia amesukumwa kwa nyuma hashangai, anashukuru na kuendelea kukanyaga, maana ukigeuka unapoteza mwendo. Dative mwenyewe alikuwa anamfundisha binti yao Mutoni, mwaka mmoja na nusu, kusema aksanti kwa kila kitu, hata kwa kipande cha kiazi, na lilikuwa ndilo neno pekee mtoto alilolishika. Majirani walimpa vitu makusudi ili walisikie.

Jioni Aimable alipita. Alipoulizwa, akacheka.

"Miye? Miye nilikuwa mbele yake dakika kumi. Bwana yako alikuwa anapumua kama mbuzi ya kwenda sokoni, ningemusukuma namna gani?"

Izabayo hakucheka. Alikuwa ameweka mkono nyuma, anajipapasa mgongo.

Kesho yake alifanya mzunguko tena, na keshokutwa, na siku iliyofuata, ingawa kocha alikuwa amewapa mapumziko. Kila siku alirudi mapema zaidi, na kila siku amekonda zaidi. Dative alipomsihi abaki, alijibu kwa sauti ya chini, kama anaogopa kusikiwa: "Nikisimama, inasukuma." Akikaa mezani, magoti yalizunguka chini ya meza. Baiskeli ikiegemezwa ukutani, gurudumu la nyuma lilianza lenyewe, tik, tik, tik, na nyumba ikajaa ile harufu, ikaingia kwenye shuka, kwenye unga, kwenye nywele za mtoto, mpaka Dative akawa anapika mlango wazi, anamheka mtoto mgongoni mchana kutwa, hathubutu kumweka chini.

Alimpeleka mumewe Bugarama kwa Mzee Hamisi Hitimana, ambaye wakulima wa mpunga na wafanyakazi wa simenti, Waislamu kwa Wakristo, humwendea kusomewa. Mzee alisoma juu ya maji, akammwagia Izabayo mgongoni. Maji yalitiririka kotekote yakikwepa mahali pa kiganja.

"Ulimuambia nini?" Mzee akauliza.

"Aksanti tu."

Mzee akafunga kitabu taratibu.

"Mzee, tutamufukuza namna gani?" Dative akanong'ona.

"Maman, miye ninafukuza wenye baliingia bila ruhusa. Huyu alitoa musaada, na bwana yako akaupokea. Angenyamaza, jini lingechoka, lingemuacha. Sasa litamusukuma mpaka kilima kiishe."

"Na kilima kinaisha wapi?"

Mzee aliangalia milima ya juu.

Waliporudi Dative alifungua magurudumu yote mawili, akayapeleka kwa jirani. Asubuhi, watu wakienda kazini, alimkuta Izabayo barabarani anapanda kwa miguu, kifua mbele, kichwa nyuma, visigino vinakwaruza lami kama vya mtu anayekataa kwenda. Dative alimkimbilia, mtoto mgongoni, akamkumbatia kiuno, akaegemea nyuma kwa nguvu zake zote, na bado wakapanda, wote watatu, kandambili zikamtoka, kokoto zikamchana nyayo, watu wakasimama kutazama wakidhani ni ugomvi wa mke na mume, na upande wa pili wa kiuno kile, pale vidole vyake vilipokutana, alihisi kitu baridi na chepesi kama kuvumwani ya juu ya magogo kikianza kupapasa, kikihesabu vidole vyake, kikipanda mkononi kuelekea kwenye kitambaa alichomfungia mtoto.

"Niachilie, Maman Mutoni," Izabayo akasema bila kugeuka. "Inamutafuta mutoto."

Akamwachilia.

Walinzi wa pori walikuta kiatu kimoja Pindura, soli imeisha kabisa. Hakuna kingine.

Wiki tatu baadaye, mchana wa jua kali, Dative alikuwa anapanda kutoka ziwani, beseni la dagaa wa sambaza kichwani, Mutoni mgongoni. Katikati ya kilima mzigo ukapungua. Kitambaa kikalegea kifuani, kama kuna mtu nyuma amemnyanyulia mtoto kwa kiganja, vile wanawake wanavyosaidiana. Harufu ya sambaza ikapotea. Ikaja ya majani yaliyooza.

Hakugeuka. Alibana midomo hadi akaonja damu. Alijua cha kufanya: kunyamaza, kunyamaza tu mpaka lichoke. Hatua moja. Mbili. Kumi. Kiganja kikaanza kulegea, uzito wa mtoto ukamrudia kidogo kidogo mgongoni, na Dative akaanza kulia kwa shukrani asiyoweza kuitamka.

Nyuma ya bega lake Mutoni akacheka, vile alivyocheka kila alipopewa kitu, akasema wazi:

"Aksanti."

Miguu ya Dative ikaongeza mwendo.