Pembe ya Chokaa Mpya

Kivuli cha kiti kilikuwa kikiangukia upande wa taa.

Bi Radhiya alisogeza kiti, akasogeza kandili, akainamisha kioo. Kivuli kikabaki vile vile, kimelala kuelekea kwenye moto. Mtu mwingine asingekiona, lakini yeye kazi yake ilikuwa hiyo. Tangu ujana aliitwa, kutoka Matondoni hadi Faza, kupanga taa siku bibi arusi anapoonyeshwa kwa wanawake, na walimtania kwamba Radhiya angeweza kumfanya hata mbuzi atazamike. Safari hii, mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani, bibi arusi alikuwa Khairiya, mwanawe wa pekee, na Radhiya alitaka Lamu nzima iishiwe maneno.

Chumba cha ndani hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilikuwa zimefifia kwa moshi, isipokuwa pembe moja iliyopakwa chokaa juzi tu, baada ya maiti ya mavyaa wake kuoshwa pale. Hapo ndipo alipokiweka kiti.

"Wifi, hapo usimweke mtoto," alinong'ona Rahima, dada wa mumewe. "Hapo ndipo alipooshwa mama. Arubaini haiyesha."

"Chokaa ni mpya. Ndoo hapa uone inavyorudisha mwanga! Pembe nyengine zote ni giza."

"Wewe wataka mwanga. Mimi namhofu jini mwenye pahali."

Radhiya akacheka. Kilikuwa kiburi, hakuna jina jingine.

Alasiri hiyo alimketisha Khairiya kitini ili azijaribu taa. Msichana alisema anasikia maji yakidondoka. Radhiya hakusikia maji, ila alinusa kafuri, ile ya kuoshea maiti.

"Mama, n'na baridi."

"Tulia, mwanangu. Kidogo tu."

Baada ya magharibi wanawake walijaa. Ushungi ulipoinuliwa, chumba kizima kikasema mashallah kwa sauti moja, na Radhiya naye alikuwa amefungua kinywa kusema hivyo hivyo, alipogundua kwamba macho ya bibi arusi hayapepesi wala hayafinyiki mbele ya kandili sita, na harufu ya kafuri ilikuwa sasa inatoka kinywani mwake, na nyuma yake, juu ya ile chokaa nyeupe, wakati mikono ya bibi arusi imelala kimya mapajani, kivuli chake kilikuwa kikiupiga ukuta kwa ngumi zote mbili, kinywa wazi, bila sauti, kama mtu aliyefungiwa mlango.

"Taa zako nzuri, mama," alisema bibi arusi, akatabasamu.

Kisha akainuka. Vigelegele vikapigwa, akaongozwa juu kwa mumewe, Jaafar, na hakuna aliyetazama chini kuona kwamba anatembea bila kivuli. Kivuli kilikuwa kimebaki ukutani. Radhiya aliijua namna ile ya kuinamisha shingo. Alikuwa mwanawe. Akalia hadi Rahima akamziba kinywa.

Asubuhi waliletewa Mwalimu Badawi, msomaji anayeaminiwa kwa mambo ya majini. Alisoma hadi sauti ikamkauka, huku kandili moja ikiwaka mbele ya ukuta. Kutoka juu walisikia bibi arusi akicheka na mumewe.

"Mtoe yule, Mwalimu," Radhiya alisihi. "Nirudishie mwanangu."

"Yule ndiye mwenye pahali, Bi Radhiya. Ulimkaribisha mwenyewe, ukampa kiti. Kisomo changu hakimfikii." Badawi hakuweza kumtazama usoni. "Taa hii ikiwaka, mwanao yupo, lakini hatoki. Ikizimika, amekwenda."

Tangu hapo Radhiya hakuitwa tena harusini, na kama aliitwa hakwenda. Alilala pale pale chini, akaamka kukata utambi na kuongeza mafuta. Kivuli kilizidi kukonda. Kilipiga ukuta, kikapumzika, kikapiga tena.

Siku moja kikaacha kupiga. Kikamgeukia, kikakutanisha viganja kama anayeomba, kisha kikakunja midomo na kupuliza kuelekea kwenye kandili. Kikarudia polepole, ili mama aelewe.

Radhiya alielewa.

"Siwezi," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Siwezi."

Akaichukua chupa, akamimina mafuta hadi taa ikajaa.