Nyama ya Katikati ya Sinia

Kila jioni akitoka madrasa, Nahla alikuna nazi uani kwao, Kengeja, Pemba. Siku hizi hakuwa peke yake. Alikuwapo Linh, msichana kutoka Vietnam. Chuo kikuu kimoja cha Unguja kilikuwa kikiwapeleka wanafunzi wake wa kigeni vijijini wakae na wenyeji, wajifunze lugha na mila, na wenyeji nao wawajue watu wa mbali.

"Mtazame mwenzio anavyokuna!" alisema bibi yake Nahla, Bi Mwanabaraka. "Wewe nusu ya nazi waiacha kifuuni."

Binamu yake, Masika, akacheka. "Ushapokonywa bibi, wewe!"

Maneno hayo yakamchoma Nahla, yakakaa.

Ijumaa, Bi Fatema, mwalimu wa chuo kikuu, alikuja kula chakula cha mchana pamoja na akina mama jirani. Alitaka wakubali kupokea wanafunzi wengine. Kabla ya kukaa mkekani, Linh alimvuta Nahla pembeni.

"Nifanye nini nisikosee?"

"Sinia likiwekwa tu, chukua nyama ya katikati. Mgeni ndiye anayeanza."

Linh akamkazia macho. "Kweli?"

"Kweli tupu."

Na mtoto gani wa Pemba asiyejua? Kwenye sinia unakula upande wako, na nyama ya katikati huigawa mkubwa.

Sinia la pilau likaja. Bi Mwanabaraka hajasema bismillahi, Linh akanyoosha mkono, akatwaa pande kubwa kuliko yote. Mikono ya wengine ikasimama hewani. Masika akabana kicheko nyuma ya mlango.

"Adabu gani hii?" akasema Bi Zohrabai, mwenye duka. "Bi Fatema, kwangu usilete mtu." Wengine wakatikisa vichwa. Bi Fatema akainama.

Linh aliirudisha nyama, uso umemwiva. "Nisameheni. Nimekosa."

Nahla alingoja atajwe. Hakutajwa.

"Si yeye," akasema Nahla. "Ni mimi niliyemwambia afanye hivyo. Nilimwonea wivu."

Nahla akamgeukia Linh. "Mbona hukunitaja?"

"Kwetu pia mkubwa ndiye anayeanza," Linh akajibu taratibu. "Nilishangaa. Lakini mwalimu wangu ni wewe, na mwalimu haaibishwi."

Nahla akajifunika uso kwa mtandio. Afadhali angepigwa.

Bi Zohrabai akashusha pumzi. "Basi nimemhukumu mtoto wa watu bure. Niwie radhi, mwanangu. Bi Fatema, niletee mmoja. Ila huyu Nahla asije kumfundisha!"

Akina mama wakacheka. Nahla hakucheka.

Bi Mwanabaraka akasema bismillahi, akagawa nyama. Alianza na Linh, kisha akamwekea Nahla. Nahla akaisukuma yake upande wa Linh. Linh akaimega, akamrudishia nusu.

"Kula, mjukuu wangu," bibi akasema. "Kusema kweli mbele za watu ni kazi nzito, nawe umeifanya. Lakini sikiliza. Mgeni ni kipofu, japo ana macho. Akikuuliza njia, amekukabidhi heshima yake uishike. Ukiiangusha yake, na yako imeanguka, na ya kijiji kizima. Kesho akikuuliza jambo, utamjibu nini?"

"Lililo kweli, bibi," Nahla akasema, bado hajainua macho.