Kodi ya Shangazi Hilda

Kiti kilikuwa juu.

Noreen alisimama mlangoni na mfuko wa taka mkononi, akakitazama. Kilikuwa kiti cha umeme, kile cha kuwapandisha wazee ngazi, kinachotambaa juu ya reli iliyopigiliwa ukutani. Jana alikiacha chini yeye mwenyewe. Na umeme wa nyumba ile ulikatwa tangu wiki ya mazishi.

"Clive, umegusa kiti?"

"Nikiguse nikitafuta nini? Mimi magoti yangu bado yapo," mumewe akajibu kutoka jikoni.

Shangazi Hilda ndiye aliyemlea Noreen na kaka yake Gerald katika nyumba hiyo ya mawe, kilimani juu ya mji wa Halifax, Uingereza. Gerald alidekezwa. Noreen alifungiwa kwenye stoo ya makaa mpaka aombe radhi kwa kosa asilolijua. Kizee kilipokufa, wosia ukasomwa: nyumba ni ya Gerald, aliyekuwa akiota jua Uhispania; Noreen awe msimamizi wa mirathi. Kazi yote kwake, urithi hakuna.

"Ungeweza kukataa," Bwana Lumb, mwanasheria, alimwambia, "kama usingekuwa umeanza kushika mali yake." Lakini Noreen alikuwa ameshauza makabati ya marehemu ili kulipia jeneza. Ameshaingia, kutoka hakuna.

Halafu ikaja kodi ya urithi. Nyumba isingeuzwa bila hati ya usimamizi kutoka mahakamani. Hati isingetolewa kabla kodi haijaanza kulipwa. Na huko benki marehemu alikuwa ameacha vijisenti tu. Mali yake yote ilikuwa ni hayo mawe. Serikali ilikubali kodi ilipwe kwa mafungu, ila fungu la kwanza, pauni elfu sita na ushee, lilitakiwa sasa hivi. Noreen akampigia kaka yake simu.

"Si ndiyo kazi yako hiyo, dada?" Gerald alisema, nyuma yake watu wakicheka na glasi zikigongana. "Nyumba ikiuzwa utarudishiwa. Shangazi angesikia unavyolialia!"

Alasiri ya siku ile kiti kilipokutwa juu, yeye na Clive walikuwa wanamalizia kukusanya nguo za marehemu. Nje giza la Januari lilikuwa limeanza kushuka mapema. Noreen alikuwa anakunja koti pale sebuleni aliposikia harufu: kabichi iliyochemshwa ikapitiliza, na kafuri. Alijua harufu ile. Ilikuwa ya Shangazi.

"Clive," alinong'ona. "Njoo. Taratibu."

Clive akaja akijifuta mikono. Wote wawili wakasikia reli ikinguruma. Kiti kile kisicho na umeme kilikuwa kinashuka ngazi polepole, kitupu, mkanda wake umefungwa kana kwamba umezunguka kiuno cha mtu, na kadiri kilivyoshuka ndivyo harufu ilivyozidi kuwa nzito, mpaka ikawa kama kitambaa chenye majimaji kilichosokomezwa kooni, na Noreen akataka kukimbia lakini miguu ikamgomea, kwa sababu kutoka juu ya kiti, mahali ambapo kichwa cha mtu kingekuwa, ilitoka sauti kavu, ya mtu anayejua kwamba lazima ajibiwe.

"Nani atanilipia?"

Noreen akamziba mumewe mdomo. "Usijibu. Nakuomba, usijibu."

"Nani atanilipia?"

Clive siku zote akiogopa hutania. Hata mamaye alipokuwa anakata roho alitania. Akauondoa mkono wa mkewe taratibu.

"Mimi hapa, bibi!" akasema kwa sauti ya juu. "Unapokea kadi au taslimu?"

Mkanda ukafunguka wenyewe. Kiti kikasimama mbele yake.

"Unaona? Waya umeshika unyevu tu," alisema, uso mweupe kama chokaa. Ili kumtoa mkewe hofu, akageuka, akakaa kitini.

Harufu ikakatika ghafla, kama mtu aliyevuta pumzi ndefu akaimeza yote. Noreen akalia kwa faraja. Clive hakucheka. Alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, akizitazama kucha zake.

Kesho yake Clive alilipa kodi. Alitoa akiba waliyoiweka ili wakamwone mjukuu wao Kanada, na alilipa bila kumuuliza mkewe.

"Lakini Clive, ile hela ya Kanada..."

"Imelipwa," alisema. Basi. Toka hapo hakutania tena.

Wiki kadhaa baadaye Noreen alimtafuta Kasisi Tunnicliffe, mzee mstaafu ambaye watu wa bondeni walimwita nyumba zao zikisumbuliwa na mizuka. Kasisi akapita chumba kwa chumba akisali na kunyunyiza maji, mwisho akasimama chini ya ngazi na kukunja uso.

"Humu hamna kitu, Bi Noreen. Kilikuwemo. Kimetoka."

"Umekitoa wewe?"

"Mimi nimekuta kimeshaondoka." Akasita, akashusha sauti. "Hawa hawaondoki kwa miguu yao. Huondoka na mtu aliyewakaribisha. Nani mwingine alikuwa humu?"

Noreen akamwacha amesimama pale pale. Alirudi nyumbani kwake mbio.

Clive alikuwa mezani, amenyooka kama msumari, na mbele yake hati ya mahakama iliyofika na posta ya asubuhi.

"Gerald amepiga simu," alisema. "Mtoto mzuri yule." Clive, ambaye kwa miaka yote alikuwa hamwiti Gerald ila kwa jina la kupe.

"Clive wangu, twende kwa kasisi. Yuko pale pale kwenye nyumba. Sasa hivi, tafadhali."

Clive akainuka, akamwendea, akapitisha mkono chini ya kwapa la mkewe, mahali ambapo nguo hufunika alama, akamfinya na kuzungusha nyama, taratibu, bila haraka.

"Nani amekupa ruhusa ya kusema?"

Noreen alikuwa na miaka hamsini na minane. Maneno yakamtoka kabla hajayafikiria.

"Nisamehe, Shangazi."

Mdomo wa Clive ukatabasamu. Na juu ya tabasamu lile, macho yake, macho ya Clive mwenyewe, yalikuwa yanamtazama mkewe huku yakitiririka machozi.