Mwalimu wa Sehemu ya Pili

Soko la Hatibagan lilikuwa limefurika watu wa manunuzi ya sikukuu, na Ambarish Nandi alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara akila maembe mabichi ya chumvi, mara akasikia sauti.

"Wawili wawili! Shikaneni mikono! Wewe mrefu, chomoa mikono mfukoni!"

Mrefu alikuwa yeye. Kabla hajajua linalomtokea, ameshashikana mkono na muuza vitambaa mwenye kipara, nyuma ya wasichana tisa waliovaa sare. Mbele yao mwanamke mwembamba, amevaa sari ya pamba nyeupe yenye pindo la buluu, aliinua kiganja kimoja na basi zima likasimama. Tramu nayo ikasimama. Wote wakavuka.

"Dada, mimi si mwanafunzi wako," Ambarish alisema upande wa pili.

Yule mwanamke alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Sasa mbona ulitii?"

Hapo ndipo alipokwisha, maskini. Jina la mwanamke lilikuwa Sutapa Lahiri, mwalimu wa jiografia, miaka thelathini na mitatu. Ambarish alikuwa mwigizaji, na mwezi ule kikundi chao kilikuwa kikifanya mazoezi ya mchezo mpya ambamo yeye ndiye Mwalimu Bhuban. Alimwomba ruhusa ya kumtazama anavyofundisha. Sutapa akamruhusu, akamketisha dawati la nyuma, na akamuuliza maswali kama wengine.

Baada ya wiki mbili hakuwa anatazama ualimu tena. Walikunywa chai kwenye vikombe vya udongo kila jioni shule ikifungwa, na simu zilikuwa haziishi.

"Umekula, Mwalimu wangu?"

"Nimekula. Na wewe umehifadhi maneno yako, mvivu wangu?"

"Nimehifadhi jina lako tu."

"Basi utafeli."

Walikubaliana kwamba mchezo ukishafunguliwa, Ambarish ataenda kumwona mama yake Sutapa. Kwetu hilo lina maana moja tu: posa.

Siku ya ufunguzi Sutapa alikuja na walimu wenzake watatu. Alivaa hariri ya rangi ya zambarau, ua jeupe kwenye nywele. Sehemu ya kwanza watu walicheka mpaka wakashika mbavu: Mwalimu Bhuban akifuta chaki kwa upindo wa nguo, akimkaripia mkwewe kwa kuchelewa mazishini, akiwapanga wapita njia wawili wawili. Yote yalikuwa ya Sutapa, na wenzake walikuwa wakimchoma viwiko.

Sehemu ya pili, wanafunzi wanahamia shule za kulipia, mmoja mmoja. Mwishoni mwalimu anaita majina mbele ya madawati matupu, anainamisha kichwa mezani na kufa. Ukumbi mzima ulilia. Sutapa aliinuka na macho makavu, akatoka kabla pazia halijafungwa.

Ambarish alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Sutapa, nisamehe. Sikupaswa kukufanya kichekesho cha watu."

"Kwa hiyo unadhani ni hilo?" Akakata.

Mwanamume huyu mwenye akili nyingi akaenda akafuta vichekesho vyote. Jumamosi iliyofuata watazamaji walisinzia, na Kaka Keshab, mwongozaji wao, alimtupia kiatu nyuma ya pazia. "Umeniulia mwalimu mapema! Atakufa mara ngapi?"

Jumatatu alimngoja kwenye lango la shule. Sutapa alitoka mwisho, mkoba wa madaftari begani.

"Nimeviondoa vichekesho," Ambarish alisema.

"Umeondoa kilichokuwa kizuri! Mimi nilicheka kuliko wote. Najijua, nachekesha."

"Sasa kosa langu nini, mpenzi?"

Sutapa aliweka mkoba chini.

"Darasa langu lilikuwa na wasichana arobaini. Sasa wako tisa, umewahesabu mwenyewe. Umekaa pale nyuma wiki mbili nzima, ukarudi kwenu ukaniona marehemu. Watu mia tatu wamelia juu ya maiti yangu, Ambarish, na mimi kesho yake nilikuwa na kipindi saa nne na nusu. Anicheke anayetaka. Lakini siolewi na mtu anayenihurumia."

Ambarish aliuokota ule mkoba, akaupangusa vumbi.

"Kwani wewe ungefanya nini," aliuliza, "na madawati matupu?"

"Ningetayarisha somo la kesho. Nini kingine?"

Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Ambarish alimpelekea Sutapa tikiti bila barua. Vichekesho vilirudi vyote, na Kaka Keshab alitabasamu mpaka sehemu ya pili. Mwalimu Bhuban aliita majina. Hakuna aliyeitika. Akainamisha kichwa mezani, na ukumbi ukaanza kutoa leso.

Kisha akakiinua. Nyuma ya pazia Kaka Keshab alijishika kichwa. Mwalimu aliinuka taratibu, akafuta ubao wote, pembe hata pembe, akaandika kwa herufi kubwa: *Kesho: mito ya kaskazini.*

"Kesho Jumapili!" sauti ikapaa kutoka safu ya saba.

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka na machozi yakiwa bado mashavuni, wakageuka kumtafuta aliyesema. Sutapa alikuwa amesimama, uso umemwiva kwa aibu, kiganja mdomoni.

Ambarish alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa na chaki yake.

"Samahani, Mwalimu, nilisahau. Basi kama kesho hakuna shule, naweza kuja kumwona mama yako?"

Kicheko kikakatika. Hata wauza karanga wa mlangoni walichungulia ndani.

"Uje saa nne," Sutapa alisema, akilia sasa waziwazi mbele ya watu mia tatu. "Mama atapika samaki wa haradali."