Chungu cha Babu Linford

Kila alasiri akitoka shule, mjukuu wangu Delphine alipitia kwangu, akala mkate wa mahindi, kisha akakitazama chungu chake kikikauka dirishani. Hapa Aquinnah, pwani ya Marekani, vyungu vya udongo wa majabali yetu havichomwi. Tunavikausha kwa jua, ili mistari myekundu, ya njano na myeupe isipotee.

Udongo wa chungu hicho aliuokota kaka yangu Linford ufukweni, mara ya mwisho alipoweza kushuka huko. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia, na alitaka kuziona rangi zile Siku ya Kranberi, sherehe yetu ya kuvuna matunda madogo mekundu.

Ukungu ukakaa siku nne, chungu kisikauke. Sherehe ikiwa keshokutwa, nilirudi kutoka dukani nikakuta oveni ina moto, na chungu mezani, chekundu chote kama tofali.

"Umeoka mkate gani huo?" Orrin, binamu yake Delphine, alimcheka.

"Nyamaza wewe!" Delphine alisema, machozi yakimlengalenga. "Bibi, tumwambie Babu ni ukungu umekiharibu. Au nikachimbe udongo mwingine jabalini."

"Jabali hatulichimbi, na unajua. Tunaokota ulioanguka wenyewe. Na kwa Babu utasema wewe, siyo mimi."

Delphine alifuta machozi. Kisha akakibeba chungu kwa mikono miwili. Orrin hakucheka tena. Alitangulia akamfungulia lango la Linford.

"Babu, nilikitia kwenye oveni. Nilikuwa na haraka. Rangi zote zimekwisha."

Linford alikisogeza karibu na pua, akakigeuza. "Lo! Na nilivyoupandisha udongo huu kilimani, mgongo ukinilia!"

Delphine aliinamisha kichwa.

"Ungenidanganya, ningeamini," Linford alisema taratibu. "Macho haya hayawezi kukukagua. Haya, mvua ikinyesha, nenda ukaokote mwingine."

Siku ya Kranberi ikapita bila chungu. Mvua ilinyesha, udongo ukaporomoka, Delphine akaokota na kufinyanga kingine. Safari hii alilisubiri jua wiki tatu nzima.

Linford alikipokea karibu na dirisha, akapitisha kidole ubavuni. "Nyekundu naiona. Njano iko hapa?"

"Hapo hapo, Babu. Chini yake nyeupe."

Hakuuliza mara ya pili. Nikamwambia Delphine tukirudi nyumbani, "Umeona? Chungu umekifinyanga upya kwa wiki tatu. Imani ya Babu yako hukuhitaji kuifinyanga upya, kwa sababu hukuivunja."